Karatasi ya Picha na Wino Unaoisha: Mwongozo Kamili wa Kusafisha Picha Nyumbani, kwa Sisi wa Dodoma

Jirani yangu hapa Ipagala alinunua printa ya tangi ili asafishe picha za familia mwenyewe, asipande tena daladala hadi mjini kila mtoto anapopata kipaimara au anapomaliza darasa la saba. Kwenye boksi aliona namba kubwa: kurasa 7,500 za rangi. Picha hazijafika mia mbili, nyingi zikiwa za A4, tangi la njano likawa chini ya mstari. Alinifuata jioni ameshika chupa tupu. "Kaka, nimeuziwa maji?"

Hakuuziwa maji, na namba ya kwenye boksi si ya uongo. Ni makadirio ya kiwanda yanayotumia kurasa maalumu za majaribio za kimataifa (ISO/IEC 24712), zenye maandishi na michoro ya rangi kiasi, kwenye karatasi ya kawaida. Chupa tatu za rangi za Epson 103, wino wa printa yake, zina mililita 65 kila moja, jumla 195. Zigawe kwa kurasa 7,500 unapata mililita 0.026 kwa ukurasa. Picha inayojaza A4 nzima kwenye karatasi ya glosi, ile inayong'aa, inaweza kunywa karibu mililita 1, pungufu kidogo ikiwa na mwanga mwingi, zaidi ikiwa ya giza. Ni kazi mbili tofauti kabisa, na ndiyo maana picha zimewekewa viwango vyake vya kupimia, ISO/IEC 29102 na 29103.

Wengi tukiona wino unakwisha tunalaumu printa au wino. Karatasi hatuitazami, na ikitazamwa, inatazamwa kwa unene: "hii nzito, itakunywa sana." Unene haunywi wino. Vinavyoamua ni viwili: utando uliopakwa juu ya karatasi, na kile ulichoiambia printa kuhusu karatasi hiyo. Mwongozo huu wote unazunguka hapo.

Ujue kwanza wino ulio kwenye tangi

Wino wa printa za nyumbani uko wa aina mbili. Upo wa dai (dye), ambao rangi yake imeyeyuka kabisa majini kama sukari kwenye chai. Na upo wa pigmenti, ambao rangi yake ni chembe ndogo sana zinazoelea. Dai huzama ndani ya utando wa karatasi na kutoa rangi inayong'aa. Pigmenti hukaa juu na huvumilia mwanga zaidi. Aliyewahi kufika Kolo, Kondoa, akaona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ameona pigmenti: ule wekundu umekaa juu ya jiwe muda mrefu kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Epson za wino 103, na ile L805 ya rangi sita ambayo wapiga picha wengi wanaipenda, zinatumia dai kwa rangi zote pamoja na nyeusi. Canon za tangi kama G2010 na G3010 zina rangi tatu za dai, lakini nyeusi ni pigmenti. Tofauti hii inagusa mfuko wako moja kwa moja. Pigmenti nyeusi haishiki vizuri kwenye glosi, kwa hiyo ukichagua karatasi ya picha, Canon hizo zinauacha wino mweusi na kutengeneza weusi kwa kuchanganya samawati, magenta na njano. Chapa picha ishirini za mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), watu wamejaa majoho meusi, utaona rangi tatu zinashuka pamoja huku tangi jeusi limetulia. Printa haina ubovu. Ukijua hivyo, utanunua chupa za rangi mapema kabla ya msimu wa mahafali na hutakimbilia nyeusi.

Utando kwanza, gramu baadaye

Karatasi ya rimu, ile ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba), haina utando wa kupokea picha. Wino ukitua unazama kwenye nyuzi na kutambaa pembeni. Rangi iliyozama haionekani, kwa hiyo picha inatoka hafifu kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Ukiongeza wino ili rangi ikolee, karatasi inalowa, inajikunja mawimbi, na bado haikolei. Kila karatasi ina kikomo chake: ukikivuka, kila tone la ziada unalimwaga tu.

Mati, karatasi ya picha isiyong'aa, ya gramu 108 au 128 ina utando mwembamba wa unga mweupe unaoshika wino karibu na uso. Hapa rangi inakaa panapoonekana. Kwa albamu ya nyumbani, kwa picha za kubandika ukutani, kwa kazi za shule za watoto, naipenda kuliko glosi zote za bei rahisi, na nasema hivyo nikijua wateja wengi wanataka "inayong'aa".

Glosi zenyewe si moja. Zile nafuu, mara nyingi gramu 180 hadi 230, ni karatasi ya kawaida iliyopakwa utando unaong'aa juu yake. Wino mwingi ukizama, karatasi ya chini nayo inalowa na kupinda. Zile bora zimefunikwa plastiki nyembamba pande zote mbili, na utando wa kupokea wino uko juu ya plastiki hiyo. Maji hayafiki kwenye karatasi yenyewe, kwa hiyo haipindi, na mgongo wake unateleza kama plastiki. Ukiishika unaisikia mara moja.

Utando nao unatofautiana. Upo wenye vitundu vidogo vidogo sana, unaomeza wino papo hapo. Picha inatoka imekauka mkononi. Lakini vitundu hivyo vinapitisha hewa pia, na dai iliyokaa humo inafifia upesi ikiachwa wazi. Upo utando unaovimba, kama ute: unachelewa kukauka, ila ukikauka unaifunga rangi ndani. Kwa picha ya kuning'iniza sebuleni bila kioo, huu wa pili unadumu zaidi kwa wino wa dai.

Kwa hiyo gramu zinakuambia picha itakuwa ngumu kiasi gani mkononi. Hazikuambii itakunywa wino kiasi gani. Glosi ya gramu 260 na ya gramu 200 zenye utando uleule, kwa mipangilio ileile, zitapokea wino uleule.

Kabla hujaiweka kwenye trei

Niliwahi kununua pakiti ya "glosi" isiyo na jina, karatasi hamsini, bei nzuri mno. Nilichapa picha nne za harusi ya binamu yangu. Wino ulikaa juu umetuna kama mafuta juu ya maji. Nikasubiri saa nzima, nikagusa ukingo wa sketi nyeupe ya bibi harusi kwenye picha, kidole kikatoka na buluu ya pazia la nyuma yake. Ile haikuwa karatasi ya printa ya wino kabisa. Ilikuwa "ati kadi" (art card), ile inayotengenezewa kadi za mialiko kwenye mashine kubwa na printa za leza. Inang'aa, ni nzito, ni nyeupe, na haipokei wino wa maji hata kidogo. Picha nne zilipotea, na wino uliobaki kwenye magurudumu ya printa ulichafua kingo za karatasi nyingine sita zilizofuata.

Tangu hapo sinunui pakiti isiyosema wazi kuwa ni ya injeti, yaani printa ya wino, na hata ikisema, nafanya majaribio mawili yasiyogharimu kitu.

La kwanza, tone la maji. Chovya ncha ya kijiti, gusa kona ya karatasi. Kwenye utando wa vitundu tone linamezwa mara moja na pale panakuwa na doa la unyevu. Kwenye utando unaovimba linakaa kidogo, halafu pananata. Kwenye ati kadi linabaki limesimama, ukilifuta linaondoka lote.

La pili, kidole chenye unyevu kidogo. Gusa pande zote mbili za kona: upande unaonata kidogo ndio wa kuchapa. Usidharau hili. Karatasi bora yenye plastiki ukiichapa mgongoni haimezi chochote. Wino wote wa A4 unabaki bwawa, na bwawa hilo linaingia kwenye magurudumu.

Na kinyume chake: glosi ya injeti usiipeleke kwenye printa ya leza. Leza inayeyusha unga wake kwa joto kali, na utando huo unaweza kuyeyuka na kuganda ndani ya mashine. Mashine ya ofisini ikiharibika kwa glosi yako, hutakuwa na la kujitetea.

Iambie printa ukweli

Hapa ndipo wino mwingi wa Dodoma unapopotea. Ukifungua dirisha la kuchapa, kuna sehemu ya aina ya karatasi. Wengi wanaiacha kwenye karatasi ya kawaida maisha yote, au wanaiweka kwenye glosi ya daraja la juu wakiamini picha itapendeza zaidi.

Chaguo lile si jina tu. Linabeba amri: kiasi cha juu cha wino kinachoruhusiwa kutua kwenye kila sehemu ya karatasi, mchanganyiko wa rangi, mwendo wa kichwa kinachotoa wino, na kwa baadhi ya printa, urefu kati ya kichwa na karatasi. Ukichagua ya kawaida, printa inabana wino kwa sababu inajua rimu italowa. Ukichagua glosi, inafungua mkono, kwa sababu inaamini utando utapokea.

Sasa tazama makosa mawili. Umeweka glosi nzuri, umeacha chaguo la kawaida: wino umetumika kidogo, lakini picha imefifia, nyuso zimekuwa za kijivu, unaitupa na kuchapa upya. Umetumia wino wa picha mbili kupata moja. Au umeweka rimu ya gramu 80, umechagua glosi ya daraja la juu: printa inamwaga wino wote, nusu yake inazama isionekane, na kichwa kinaweza kukwaruza mawimbi ya karatasi iliyolowa. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi.

Ubora wa juu dhidi ya ubora wa wastani, kwa kawaida, unabadilisha muda na wembamba wa matone kuliko unavyobadilisha jumla ya wino. Kwa picha ya inchi 4 kwa 6 ya kugawia wageni, wastani kwenye karatasi sahihi unatosha. Hapo usihangaike.

Jaribio la vipande vitatu

Karatasi yoyote mpya nikiileta nyumbani, inapita hapa kwanza. Inachukua karatasi moja na nusu saa.

Chukua picha moja yenye vitu hivi: uso wa mtu mweusi, shati jeupe, kitu cheusi kabisa kama nywele au koti, na ardhi. Mimi ninayo ya binti wa dada yangu amesimama nje kiangazi, nyuma yake udongo wetu mwekundu na anga bila wingu. Ipunguze iwe na upana wa sentimita 18 na kimo cha sentimita 7.

Iweke juu kabisa ya ukurasa wa A4, chagua karatasi ya kawaida, chapa. Rudisha karatasi ileile kwenye trei, sogeza picha hadi katikati, chagua mati, chapa. Rudisha tena, sogeza chini, chagua glosi, chapa. Andika kwa kalamu pembeni ya kila kipande ulichochagua, pamoja na tarehe.

Subiri ikauke, toka nayo nje. Taa ya ndani inadanganya. Fungua kamera ya simu, ikuze hadi uone ukingo wa nywele dhidi ya anga. Kwenye kipande cha kwanza weusi utakuwa wa moshi. Kwenye cha pili unaweza kuwa mweusi kweli. Kwenye cha tatu tafuta dalili tatu: nywele zimetambaa kuingia angani, sehemu nyeusi zimeng'aa kwa namna tofauti na nyingine kama zimepakwa mafuta, na kivuli cha shingoni kimepotea kikawa doa moja. Ukiziona, karatasi hiyo imevuka kikomo chake, na kuanzia leo uichape kwa chaguo la mati hata kama pakiti inasema glosi. Glosi nyingi za bei nafuu zinaishia hapo. Ukichagua kipande chenye weusi ulioiva na kivuli bado kina umbo, umepata karatasi na chaguo lake, na kila picha inayofuata haimwagi wino bure.

Pima kwa sirinji

Mistari ya kwenye tangi haitoshi kupima. Nunua duka la dawa sirinji za mililita 10, moja kwa kila rangi, bila sindano. Jaza matangi yote hadi mstari wa juu. Chapa picha zako, tuseme arobaini za A4 kwa karatasi moja na mpangilio mmoja. Kisha rudisha kila tangi kwenye mstari wa juu kwa sirinji, ukiandika mililita ulizoongeza. Jumlisha rangi zote, gawa kwa arobaini. Hicho ndicho kipimo chako halisi, cha printa yako na picha zako. Usibadilishane sirinji kati ya rangi. Tone moja la nyeusi kwenye njano linaonekana wiki nzima.

Rudia kwa karatasi nyingine ukiwa na picha zilezile arobaini. Ukibadilisha picha, umeharibu jaribio, kwa sababu picha ya usiku ya ukumbini inakunywa kuliko ya mchana, na picha ya pasipoti yenye ukuta mweupe nyuma haifiki hata karibu.

Halafu fanya hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka bei za duka lako. Chupa ya mililita 65 kwa shilingi 26,000 ni shilingi 400 kwa mililita. Karatasi ya kwanza ni shilingi 300, ya pili 600, na zote zinakunywa mililita 1. Ya kwanza ni 700 kwa picha, ya pili 1,000. Unaona ya kwanza imeshinda. Lakini ukiharibu moja kati ya tatu kwenye ile nafuu, kila picha nzuri imekugharimu 1,050. Ukiharibu moja kati ya ishirini kwenye ile bora, ni 1,053. Bei zimelingana, na picha hazilingani. Ukiweza kushusha uharibifu wa ile nafuu hadi moja kati ya kumi, ni 778, nayo inafaa kabisa kwa picha za kugawa. Kwa hiyo andika pia zilizoharibika. Watu wanazisahau kwa sababu zinaingia kwenye kapu.

Kuna upotevu mwingine mdogo wa kila siku: kuchapa bila ukingo mweupe. Ili picha ifike pembeni kabisa, printa inaikuza na kumwaga ziada nje ya karatasi, kwenye sponji. Ukichukulia milimita 2.5 kila upande, picha ya sentimita 10 kwa 15 inatumia eneo la asilimia 8.5 zaidi. Kwa A4 ni kama asilimia 4. Ukiacha ukingo mwembamba mweupe, hakuna kinachopotea, na kwenye fremu ukingo huo haukeri.

Na skrini ya simu inang'aa kuliko karatasi yoyote. Ipunguze mwanga hadi nusu, kisha itazame picha tena. Ikionekana ya giza, iongezee mwanga kabla ya kuchapa. Giza lote hilo ni wino. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp omba itumwe kama dokumenti, la sivyo utachapa ukungu kwa wino mzuri.

Ukavu, vumbi na umeme

Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua zetu zinakuja msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki hewa ni kavu na upepo unabeba vumbi. Kwa printa hilo lina maana tatu.

Wino unakauka kwenye matundu ya kichwa. Kila unapobonyeza kusafisha kichwa, wino wa rangi zote unafyonzwa na kwenda kwenye sponji ya taka. Anza na ukaguzi wa matundu, unaotumia wino kidogo sana, na usafishe tu ukiona mistari imekatika. Kwa Epson za tangi, ikifika mara tatu bila mafanikio, izime uiache saa 12 kabla ya kujaribu tena. Wakati mwingine inafunguka yenyewe. Dawa bora ni kuchapa picha moja ndogo ya rangi kila wiki. Zima printa kwa kitufe chake, usizime ukutani, ili kichwa kirudi kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi iwashe mara moja ili kijifunike.

Karatasi nayo inakauka na kupinda, upande wenye utando ukijikunja ndani. Karatasi iliyopinda inapigwa na kichwa, na picha inapata michirizi ya wino kwenye kingo. Toa unazotumia leo, nyingine ziache kwenye mfuko wake, umefungwa, zimelala chali chini ya kitabu kizito.

Vumbi likikaa kwenye glosi kabla ya kuchapa, kila punje inaacha kitone cheupe. Funika trei kwa kitambaa ukimaliza, na kila karatasi ipige kidogo kwa brashi laini ya rangi ya maji kabla haijaingia. Agosti na Septemba nafunga dirisha la upande wa barabara kabisa, joto liwe la namna gani.

Picha ikitoka, ilaze peke yake, usirundike. Hata ile iliyokauka mkononi bado inatoa mvuke wa vimiminika vya wino. Ukiifungia kwenye fremu ya kioo siku hiyohiyo, ukungu unaganda ndani ya kioo. Nasubiri hadi kesho yake. Na ile karatasi ya vipande vitatu usiitupe: ibandike nyuma ya mlango wa kabati, juani isifike, na nakala yake nyingine, iliyochapwa kwenye karatasi ya pakiti hiyohiyo, ibandike dirishani. Baada ya kiangazi kimoja zilinganishe. Jirani yangu amefanya hivyo kwa pakiti tatu, na sasa ananunua moja tu.